Mstari wa Kalamu Mguuni

Shamimu aliiona pini kabla mumewe hajaisikia.

Ilikuwa alasiri. Idrisa alikuwa ameketi kwenye kigoda, uani kwao Isevya, birika mkononi, akitia udhu. Alipounyanyua mguu wa kulia ili asugue vidole, kitu kikametameta chini ya kidole cha mwisho, kitu cha buluu, kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Shamimu alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, akichambua ulezi kwenye ungo.

"Baba Ummy, hebu tulia. Una nini mguuni?"

"Nina vidole," alisema Idrisa.

Shamimu aliweka ungo chini, akapiga magoti, akaushika ule mguu. Ilikuwa pini ya fundi cherehani, zile ambazo Idrisa huzibana midomoni akipima pindo la gauni. Ilikuwa imezama yote, kimebaki kichwa. Aliivuta. Ilitoka ndefu, ikitiririsha damu nyembamba, na muda wote huo Idrisa aliutazama mguu wake kama anayetazama mguu wa jirani.

"Imeingia saa ngapi?"

"Sijui. Asubuhi labda."

Asubuhi alikwenda dukani kwake. Alikanyaga cherehani mpaka adhuhuri, akaenda msikitini, akarudi, akala, akalala kidogo. Yote hayo aliyafanya akiwa na pini ndani ya nyama. Damu haikumtisha Shamimu. Kilichomtisha ni lile jibu, na sauti tulivu aliyolijibia.

Shamimu alizaliwa Tura, kando ya reli. Akiwa na miaka tisa alikuwa akikimbia chini ya madirisha ya treni na sinia la karanga kichwani na asali kwenye chupa za soda, na kwa muda ule mfupi treni iliposimama alijifunza kumjua mnunuzi kwa macho. Aliolewa Tabora mjini akiwa na miaka kumi na tisa. Mumewe alikuwa fundi mchangamfu, hodari wa kanzu na sare za shule, aliyependa kusema kwamba ukoo wao ni ukoo wa miguu. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, akarudi, akaenda tena, mara tatu. "Hii hapa," Idrisa alikuwa akijipiga paja mbele ya wageni, "imekanyaga Ugogo nzima kabla sijazaliwa."

Miaka miwili iliyopita alipimwa, akaambiwa ana kisukari. Siku hiyohiyo Shamimu alipindua jiko. Sembe nyeupe ikatoka, likaingia dona, tena tonge la ukubwa wa ngumi na si mlima. Mafuta yakapungua. Mlenda, mboga kavu za nsansa na dagaa vikawa chakula cha kila siku. Soda ikakoma. Sukari ndiyo ilipigwa marufuku kabisa. Hata kopo lake alilitoa, akalipandia mchaichai.

Halafu akavipeleka vita vyake hivyo kibandani. Alikuwa anauza kifungua kinywa karibu na stesheni: chai, chapati, mihogo, maharage, uji wa ulezi. Aliondoa bakuli la sukari mezani, akaandika kwa rangi nyekundu kwenye ubao: HATUTUMII SUKARI. KARIBU WENYE KISUKARI. Na kwa kuwa watu wa Tabora hawawezi kunywa uji usio na ladha, aliweka asali. Asali ya Ipole, nzito, nyeusi kama chai ya rangi, ambayo Wenceslaus, rafiki yake mrina asali wa huko, alimletea Idrisa kila mavuno. Baba yake Wenceslaus alimletea baba yake Idrisa, tangu siku za mizinga ya magome. Galoni ya kwanza ya mavuno haikuuzwa. Ilikuja nyumba hii.

Vijana wa bodaboda walimcheka. "Mama Asali, leo umeficha nyuki wapi?" Yeye aliwajibu, "Wamo mfukoni mwako, ndiyo maana huna nauli." Lakini wagonjwa walikuja. Mzee Amon, aliyestaafu reli, alikuja kila asubuhi, akanywa bakuli zima, akawasifia wengine: "Hapa ndipo penye afya."

Shamimu alikuwa na haki ya kujisikia. Alijisikia.

Basi ilikuwaje wiki mbili baada ya ile pini kidonda kikakataa kufunga? Kilianza kwa kutoa maji. Ngozi ikaiva, kisha kidole cha mwisho kikaanza kuwa na rangi ya zabibu. Jumatano alimkokota Idrisa mpaka kliniki. Daktari, kijana mwenye miwani, alikibonyeza kidole, akakinusa, akamtazama Idrisa usoni.

"Unasikia maumivu?"

"Hapana."

"Ndiyo ubaya wenyewe."

Alitaka kumlaza. Idrisa akakataa, akataja sare za watoto wa shule zilizokuwa zimekatwa na hazijashonwa. Walibishana. Mwishowe daktari alichukua kalamu ya buluu, akauinamia ule mguu, akachora mstari kutoka juu ya mguu mpaka chini ya unyayo, upana wa vidole viwili vya mkono kutoka kwenye ule weusi.

"Mzee wangu, sikiliza. Utakuja hapa kila asubuhi, usafishwe, uchomwe sindano, upimwe. Kidole sikuahidi. Tunachogombania sasa ni mguu. Sukari isiposhuka, dawa yangu haitafanya kazi. Jumatatu nitatazama. Weusi ukivuka mstari huu, sitakata kidole. Nitakata hapa." Akaweka kiganja chake chini kidogo ya goti.

Idrisa alicheka. Hakuna aliyecheka naye.

Kipimo cha sukari siku ile kilisoma kumi na tisa nukta nne, na daktari alitaka kisizidi kumi.

Kutoka hapo Shamimu aliishi na ule mstari. Aliutazama alfajiri kabla ya kuwasha mkaa, akautazama tena akirudi kibandani. Weusi ulikuwa unatambaa. Alhamisi ulikuwa umekula nusu ya nafasi, au macho yake ndiyo yaliyoona hivyo. Kipimo kikasoma kumi na nane nukta tisa. Akapunguza tonge la ugali tena. Ijumaa kikasoma kumi na tisa nukta moja.

Muuguzi aliyekuwa akimsafisha kidonda aliitwa Apolinaria, mama wa makamo, mikono myepesi, mdomo usiozunguka. Ijumaa hiyo alivua glavu, akamvuta Shamimu kando ya mlango.

"Mama, sindano tunampiga. Vidonge anameza. Mnanificha kitu."

"Sista, tukufiche nini?"

"Anakula sukari."

"Wallahi, nyumba yangu haina punje ya sukari. Njoo upekue."

"Nimekuuliza jana, nimekuuliza juzi."

"Na nimekujibu jana na juzi!" Sauti ya Shamimu ilipanda mpaka wagonjwa kwenye benchi wakageuka. "Unadhani mimi namuua mume wangu?"

Apolinaria hakupandisha yake. "Kesho niletee chakula chake cha kutwa nzima. Kila kinachoingia mdomoni. Katika vyombo vyake, nikione."

Jumamosi Shamimu alikwenda na kikapu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha shughuli, kama anayekwenda kujitetea barazani. Idrisa alipoingizwa chumba cha kusafishia, yeye alipanga vyombo kwenye kizingiti cha dirisha, kimoja kimoja, na benchi zima likanyoosha shingo.

"Dona," alisema Apolinaria, akifunua. "Hili kiasi gani? Hili tu? Safi. Mlenda, karanga kidogo. Safi sana. Dagaa. Hii parachichi nusu? Mama, wewe ungefundisha wilaya nzima."

Shamimu alivuta pumzi yake ya kwanza tangu Jumatano.

Apolinaria akafungua chupa ya uji. Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akaonja. Akasimama hivyohivyo, kifuniko mdomoni.

"Huu mtamu."

"Asali hiyo," alisema Shamimu. "Ya Ipole. Haina maji, haijachakachuliwa."

"Vijiko vingapi?"

"Vitatu. Bakuli la asubuhi. Na viwili kwenye maji ya ndimu akiamka, kusafisha tumbo. Na jioni, kwa kuwa chai haina sukari, kimoja, au..." Alikuwa anasikia hesabu yake mwenyewe ikitoka mdomoni.

"Vya chai?"

"Vya kulia chakula."

Mtu mmoja kwenye benchi alikohoa.

"Mama," alisema Apolinaria polepole, "ikifika kwenye damu, asali ni sukari. Kidonda cha mumeo hakijui kama imetoka kiwandani au mzingani."

"Si sukari. Ni asali. Sukari ina madawa. Asali ni ya Mungu, sista, ni maua..."

"Ni maua. Na mimi naipenda. Lakini mume wako anakunywa karibu vijiko saba kwa siku, miaka miwili, juu ya ugonjwa huu." Kisha uso wake ukalegea. "Nilikosea na mimi. Nimezaliwa Sikonge, nyumba yetu haikukosa asali. Nilipaswa kukuuliza kwa jina lake. Hapa kwetu hakuna anayeihesabu."

Shamimu alianza kufunika vyombo. Vifuniko vilikuwa havikai. Alikumbuka kila asubuhi ya miaka ile miwili, akilamba kijiko baada ya kumkorogea, akijiambia kwamba hiki ndicho kijiko kinachomweka hai.

Nyumbani alimwambia Idrisa akiwa amelala kwenye jamvi, mguu juu ya mto. Alimwambia akiwa amesimama, asije akakaa akashindwa kumaliza.

"Nani kasema?"

"Apolinaria. Na mimi nasema."

"Asali imetajwa katika Kitabu kwamba ina ponyo kwa watu. Nyinyi wawili mmejua zaidi?"

"Ponyo imo, sijaikataa. Lakini haikuandikwa vijiko saba kwa Idrisa."

"Miaka miwili!" Aliinuka kwa viwiko. "Miaka miwili unaninywesha kwa mkono wako huo. Mbele ya watu unanisifia, 'Baba Ummy hajui tena sukari.' Leo imekuwa sumu? Kama ni sumu, nani kanilisha?"

Shamimu aliutazama mkono wake. Ilikuwa kweli.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni. "Nimepiga hodi mbili. Mnagombana kama watu wa mnadani."

Alikuwa Wenceslaus, vumbi la Ipole mpaka kwenye nyusi, galoni ya njano mkononi. Alikuwa amesikia kwamba rafiki yake anaumwa mguu, akapanda basi la asubuhi na mavuno mapya.

"Karibu, shemeji," alisema Shamimu, na machozi yakamtoka papo hapo mbele ya mgeni.

"Weka hapo," alisema Idrisa, akionesha galoni. "Nimewekewa marufuku. Mke wangu na muuguzi wamegundua kwamba wewe na baba yako mnatuua tangu zamani."

Wenceslaus hakuiweka. Alisimama nayo akasikiliza, kwanza kwa Idrisa, kisha kwa Shamimu. Alipomaliza kusikiliza alichuchumaa, akautazama ule mguu na mstari wa kalamu.

"Mimi kule porini nakula asali na masega yake, swahiba," alisema. "Lakini natoka mzinga wa kwanza alfajiri, nafika wa mwisho jua linazama. Kwa miguu. Jasho linaimaliza. Wewe unatembea wapi? Kutoka cherehani mpaka kwenye jamvi."

"Unautukana ukoo wangu."

"Ukoo wako ulitembea. Wewe umerithi hadithi."

Ilikuwa utani wao wa siku zote, lakini haukutua kama siku zote. Idrisa aliukodolea macho mguu wake.

"Hii narudi nayo," Wenceslaus alisema, akiinyanyua galoni.

"Ukitoka na galoni ya kwanza mlangoni kwangu, Wenceslaus, usirudi tena. Haijatokea tangu baba zetu."

"Haijatokea." Wenceslaus alikuwa ameshageukia mlango. "Na baba yako alikuwa anakuja Ipole kutushukuru, kila mwaka, kwa miguu yake miwili. Wewe utakuja kunishukuru vipi, kwenye kiti cha magurudumu?"

Akatoka nayo. Walisikia malapa yake yakienda mpaka barabarani.

Idrisa aligeukia ukutani. Shamimu alikaa kizingitini, akangoja kufukuzwa. Adhana ya magharibi ilianza na kwisha. Kisha, bila kugeuka, Idrisa akasema, "Nipe maji. Maji tu."

Jumapili alfajiri weusi ulikuwa umebakiza upana wa punje ya mchele kuufikia mstari.

Shamimu alikwenda kibandani. Angeweza kutofungua. Angeweza kusema asali imekwisha, Wenceslaus hakuja, mvua, chochote. Aliupika uji kwa ukwaju na karanga za kusaga, bila kitu kingine. Akachukua mkaa, akaupaka ubao wake wote uwe mweusi, akaandika juu yake kwa chokaa: ASALI NAYO NI SUKARI. NILIKOSEA. Mwandiko ulipinda upande mmoja.

Vijana wa bodaboda walisoma kwa sauti. "Mama Asali amejiuzulu!" Aliendelea kukoroga, wakanyamaza wenyewe.

Mzee Amon alikuja saa moja kamili, kama treni za zamani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Ummy. Hali ya fundi?" Akaketi, akavuta bakuli, akanywa kijiko. Akakunja uso. "Mbona mchachu?"

"Soma ubao, mzee wangu."

Alitoa miwani, akasoma. Akasoma tena. Aliweka kijiko chini taratibu sana.

"Wewe uliniambia."

"Nilikuambia."

"Nimewaambia na wengine. Nimemwambia mdogo wangu wa kule Goweko, naye amemwambia mkewe." Alivua miwani. "Tangu mwaka jana nakunywa hapa. Nawe ukiniongezea, 'Mzee Amon, ongeza kidogo, hii ni dawa.'"

"Ndiyo. Nilisema hivyo. Sikujua, lakini nilisema. Nenda kapime leo, tafadhali. Usingoje kama sisi."

Shamimu alidhani mzee atasimama na kuondoka. Watu wawili walikuwa wameshaondoka. Badala yake mzee aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu. Alivua kiatu cha kulia, akavua soksi. Akavua na cha kushoto. Akakaa hapo kwenye benchi, miguu mitupu mbele ya stesheni nzima, nyayo zimepauka kama unga.

"Macho yangu hayafiki huko tena," alisema. "Niangalie wewe."

Shamimu alipiga magoti kwenye vumbi. Alitenganisha kidole na kidole. Alipapasa kisigino, chini ya unyayo, pembeni. Alikagua polepole kama anavyochambua ulezi, akitafuta kijiwe. Wale vijana wa bodaboda walikuwa wamezima pikipiki zao.

"Mizima," alisema mwishowe. "Kuna ufa hapa kisiginoni, mdogo. Mwambie muuguzi."

Mzee Amon alivaa soksi zake. Kisha akavuta bakuli, akamaliza uji wote, akinuna kila kijiko, akaelekea kliniki kuulizia siku ya kupima.

Jumatatu kipimo kilisoma kumi na moja nukta mbili. Apolinaria alikitazama mara mbili, akamwonesha Shamimu. Daktari alivuta kiti. Alifungua bandeji. Shamimu alifumba macho, akayafumbua, kwa sababu kufumba kulikuwa kubaya zaidi.

Weusi ulikuwa palepale. Punje ya mchele ilikuwa bado imebaki.

"Umesimama," alisema daktari. Aliuzungusha mguu kwenye mwanga. "Kidole kinaondoka leo, mzee. Hicho tumekipoteza. Mguu unarudi nao nyumbani, mkiendelea hivi."

Idrisa aliviangalia vidole vyake.

"Kimoja tu?"

"Kimoja."

"Basi kikate," alisema. "Babu mpagazi alirudi na vidole vyote, lakini yeye hakuoa mpika uji." Akamtafuta mkewe kwa mkono, bila kumtazama, akaukuta mkono wake.

Ilimchukua miezi mitatu kurudi dukani. Sasa anakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake, na mlio umebadilika. Shamimu anaujua akipita barabarani, unakwama kidogo kila baada ya hatua, kama mtu anayefikiri. Sumaku ya redio mbovu imefungwa kwenye ncha ya fimbo, na kabla ya kufunga duka Idrisa anaipitisha sakafuni kukusanya pini. Kibandani, wengine hawakurudi. Wengine wameuzoea ukwaju, wananung'unika na kuomba nyongeza.

Mavuno yaliyofuata Wenceslaus alipiga hodi tena, moja tu, akasubiri nje. Hakuwa na galoni. Alikuwa na bonge la nta, la njano, kubwa kama tofali, limefungwa kwenye gazeti.

"La kwanza la mavuno," alisema. "La kupaka uzi wa cherehani. Ukilila hili, Idrisa, nitajua huponi tena."

Idrisa alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akamwambia aingie, na akamwambia kwamba akipona vizuri atakwenda Ipole mwenyewe, si kwa basi mpaka mwisho. Atashuka njiani, kipande kilichobaki atatembea.

Jioni hiyo, mgeni akiwa ameketi, Shamimu alileta beseni na taa, kama anavyofanya kila siku kabla ya magharibi. Aliuweka mguu wa mumewe pajani, akabonyeza kwa ncha ya kidole, kisigino kwanza.

"Hapa?"

"Sisikii."

"Hapa?"

"Hapo pia hapana."

Alisogea mpaka kwenye kovu, penye nafasi ya kidole.

"Na hapa?"

Idrisa alifumba macho, akatafuta. "Kidogo," alisema. "Bonyeza tena."